Aliyebisha Hodi Kwenye Rejeta

Najua mtasema nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Wala sikuwa na homa siku hiyo. Nilikuwa fundi mwenye akili timamu na begi la spana mkononi, na haya ninayowasimulia yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Malvern, Johannesburg, baridi ya mwaka jana, jua likiwa bado halijazama.

Mama Furaha ni mshonaji kutoka Bukavu. Anaishi na binti yake, Neema, katika nyumba ya zamani karibu na Jules Street, moja ya zile chache zenye rejeta, yale mavyuma mazito yaliyofungwa chini ya madirisha na kupashwa moto kwa maji yanayochemshwa na boila. Neema alikuwa ametoka hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Manesi walimruhusu kwa sharti moja tu: mtoto akae kwenye joto, la sivyo arudishwe wodini. Na mle ndani, jamani, ukipumua unaona moshi. Boila walikuwa wameizima wenyewe kwa woga.

Woga wa nini? Rejeta zilikuwa zinagonga. Wenzao wa kikundi cha maombi walikuja, wakazikemea, wakazipaka mafuta kutoka juu hadi chini. Boila ilipowashwa tena nyumba nzima ikanuka maandazi, na kugonga kukaendelea pale pale.

"Fundi, ile kitu inapigaka hodi kila mangaribi," Mama Furaha aliniambia. "Inagonga tatu, inanyamaza, inagonga tena tatu. Na miye najibuka karibu. Sasa mutu akipiga hodi kwako, utamunyamazia?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba hewa ikinaswa ndani ya rejeta, maji yakisukumwa yanaigonga, na chuma kinapiga kelele. Kazi yangu ni kuitoa hewa hiyo, basi. Mimi, niwaambie ukweli, ni mtu wa kujisifu. Hakuna bomba katika mji huu lililowahi kunishinda, na sikuona kwa nini yale ya Mama Furaha yaanze.

Nikawasha boila nisikilize. Haukupita muda: ngo, ngo, ngo. Mama Furaha, yuko jikoni, anakanda unga, akajibu bila hata kugeuka, "Karibu!" Nikatikisa kichwa, nikaizima boila, nikachukua ufunguo wangu mdogo na bakuli, nikaanza chumba kimoja baada ya kingine. Unafungua kidogo pale juu, hewa inatoka ikizomea, maji yakianza kutiririka unafunga.

Sebuleni nikamkuta mzee ameketi kwenye kiti kando ya rejeta ya mwisho. Koti refu, kofia ameiweka magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole. Nikadhani ni babu wa nyumba. Nikamwomba anishikie bakuli, akanishikia. Maji yalitoka ya moto, niaminini, yalinichoma kidole. Lakini yalipotulia kwenye bakuli lile, mikononi mwake, yakaanza kufanya utando wa barafu.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Mimi nilikuwa natoa moshi mdomoni. Yeye hatoi.

"Nimekaribishwa siku nyingi," akasema. "Ila hakuna aliyenisindikiza."

Niliogopa, sitawadanganya. Nikakimbilia chumbani, nikamuuliza Neema yule mzee ni nani. Akasema humu ndani hakuna mwanamume. Akaja na mtoto amemfunika kwenye blanketi, akatazama kiti. Kitupu, kwake yeye. Kwangu mimi mzee yuko pale pale, na mtoto anakohoa, kile kikohozi kidogo cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa. Nikawasha boila. Rejeta zote kimya, isipokuwa ile ya sebuleni, ambayo nilikuwa nimeitoa hewa yote kwa mkono wangu. Ngo, ngo, ngo.

Je, ningefanya nini? Spana za kazi hiyo hazipo. Lakini nimelelewa Moshi, na kwetu mgeni hafukuzwi kwa kelele wala hapakwi mafuta. Mgeni anasindikizwa. Nikarudi sebuleni, nikasema, "Mzee, twende nikutoe."

Mama Furaha hakumwona, lakini alielewa papo hapo. Alifunga maandazi ya moto kwenye mfuko, maana mgeni haondoki mikono mitupu, akatufuata hadi getini akizungumza na hewa kwa heshima zote: asante kwa kututembelea, utusalimie nyumbani, safari njema. Nikatembea na mzee Jules Street hadi kwenye roboti, taa za barabarani. Taa ilipogeuka kijani nikampa mfuko, vidole vyetu vikagusana, akavaa kofia, akavuka. Sikumwona akifika ng'ambo. Mwenye spaza, duka dogo la pale kona, aliyekuwa akinitazama aliniuliza mfuko nimeutupa wapi.

Nilirudi mbio. Nyumba ilikuwa na joto, na ilikuwa kimya. Neema alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye rejeta ile ile, mtoto amelala kifuani pake bila kukohoa, na machozi yanamtoka. Mama Furaha akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Na mimi nikapiga, nitaona haya ya nini? Nilikuwa nimeshinda, na sijawahi kufurahi namna ile katika kazi yangu yote.

Mtoto hakurudi wodini. Siku hizi anatembea, anavuta begi langu nikiwatembelea. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, vile vilivyoguswa, havijapata joto tangu siku hiyo, hata Januari jua likichoma lami. Njoo uvishike kama unabisha.

Basi nanyi wenye rejeta inayogonga, itisheni fundi aitoe hewa. Lakini msiseme karibu kabla ya kumwona anayebisha. Na kama neno limeshawatoka, acheni makelele, vaeni makoti, mkamtoe mgeni wenu hadi barabarani. Anangoja hilo tu, na ataendelea kungoja huku watoto wenu wanaganda.