Sikio la Mtoto wa Siku Nane

Mwanangu alizaliwa mweupe kama ndizi iliyomenywa, na miaka ile ya vita, Bujumbura, hilo lilikuwa kosa. Mimi ni mweusi ti, baba yake vilevile. Majirani zangu wa mtaa wa Bwiza walinitania kwamba nimezaa muzungu, kisha wakafunua masikio yake, wakatazama kingo, wakasema, "Atakuwa kama we, ngoja tu." Hiyo ndiyo maabara yetu. Hata mwalimu wangu wa biolojia aliikubali: rangi hutoka kwenye jeni nyingi za baba na mama, na ngozi ya mtoto huchelewa kuijaza. Jua kali ndilo lililotufanya weusi sote, aliongeza, na jua halijui kabila.

Masikini mwalimu, hakuwahi kukutana na maprofesa wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani.

Walikuwa vijana watano, wamefunga njia ya kwenda Musaga kwa mawe, wakitafuta watu wa kabila lingine. Walisoma pua, urefu na rangi, halafu wakaamua nani apite na nani apelekwe nyuma ya nyumba, asirudi. Shahada walijipa wenyewe. Mimi nilikuwa nampeleka mtoto wa siku nane kwa mama yangu, kwa miguu. Mkubwa wao akafunua kitenge kifuani pangu, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"We mama, uyu mutoto haiko wako. Ni wa wale wengine, unamuficha. Mulete."

"Nimemuzaa mwenyewe, ndugu yangu."

"Na rangi hii?"

Tayari alikuwa amemshika mguu. Basi nikafungua darasa palepale barabarani: nikamwonyesha ukingo mweusi wa sikio la mwanangu, nikamweleza kwamba vichanga wengi huzaliwa weupe, ila sikio husema mapema. Akainama, akalisugua kwa kidole kuona kama ni rangi ya kupaka. Mwanafunzi hodari, sijapata kuona.

"Kumbe. Pita, mama."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, Mungu anisamehe. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama mama mwingine, naye ana kichanga mgongoni. Sijafika hatua kumi nikamsikia yule kijana akimwambia, kwa upole kabisa, "Tuonyeshe sikio."

Wangu nilikuwa naye kifuani. Nikaendelea kutembea.