Mdomo wa Kuazima

Mama Gisèle Mwanza alikuwa hata hajamaliza kupanga samaki wake mezani, wale wa kukaushwa kwa moshi wanaokuja na treni kutoka Bukama, mtu alipokuja mbio kumwita. Hakuuliza kuna nini. Soko halijachangamka, mteja wa kwanza hajatokea, na tayari kuna mtu anataka kuazima mdomo wake.

"Mama Gisèle, banakuita ku santé. Kuko mama moya wa camp, hakuna mutu anasikia kile anasema."

"Na samaki yangu nani atauzisha? Docta?"

Alikwenda zahanati, akinung'unika njia nzima. Kila mara alikwenda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yameanza kumsumbua, na katika maisha yake hakumbuki wiki moja aliyoachwa akae kwenye kiti chake mpaka jua lizame.

Kosa lake lilikuwa masikio mepesi. Kiluba alikipata kwa mama yake, Kiswahili sokoni, Kifaransa kwa masista waliomfundisha mpaka walipochoka, na Lingala kwa wake za wanajeshi, maana kwa miaka zaidi ya ishirini aliuza samaki karibu na lango la kambi ya Kamina. Watu wengine wakijua lugha nne huitwa wasomi na kupewa ofisi. Yeye aliitwa tu. Aliitwa zahanati kueleza tumbo la mtu linauma wapi. Aliitwa shuleni mzazi akija kulalamika. Jumapili alisimama kando ya padri kuyageuza matangazo, mara mbili, huku watoto wakipiga miayo. Siku moja akaitwa kusuluhisha wanawake wawili waliogombania kamba ya kuanikia nguo, akatafsiri kila tusi kwa uaminifu, neno kwa neno, bila kupunguza. Walipomaliza, wale wawili wakapatana papo hapo na kumgeukia yeye.

Kwa hiyo mwalimu Malachie, anayefundisha sekondari, alipopita mezani kwake siku ya Jumatatu na kumwambia kwamba wanafunzi wake watafanya mdahalo, kwamba swali ni kama dunia nzima ichague lugha moja ya wote, Mama Gisèle hakuhitaji kufikiri.

"Hata kesho asubui!"

"Lakini luga gani, mama?"

"Yoyote! Hata ya Bachine. Bantu basikilizane benyewe, miye niuzishe samaki."

"Na Kiluba?"

"Kiluba itabaki ku nyumba. Itapumuzika, na miye nitapumuzika nayo."

Malachie alicheka, lakini mama hakuwa anatania. Aliamini kabisa, tangu zamani, kwamba nusu ya ugomvi wa dunia ni watu kutosikizana, na nusu nyingine ni mkalimani kuchelewa kufika.

Sasa tuseme habari ya mkwe wake. Binti yake wa pekee, Chancelvie, aliolewa na mwanajeshi kutoka Mbandaka aitwaye Bolingo, kijana mpole, mrefu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kununua sabuni na si zaidi ya hapo. Mama Gisèle aliijua Lingala yake vizuri kuliko baadhi ya wenzake wa kambini. Wangeweza kuongea kutwa nzima. Lakini hawakuwa wameongea hata neno moja kwa miaka mitatu, kwa sababu ya buko.

Buko ni heshima ya wakwe. Kwa Waluba wa zamani, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Likiwapo neno, linapitia kwa mtu wa tatu, na hata ukilisikia kwa masikio yako, hujalisikia mpaka huyo wa tatu akufikishie. Wengi mjini wameacha. Mama Gisèle hakuacha, kwa kuwa mama yake aliishika mpaka kaburini, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza kuivunja. Akimwona Bolingo anakuja sokoni, alijifunika kitenge kichwani na kugeuka kuutazama ukuta wa choo. Mwanzoni kijana wa watu alidhani anachukiwa. Alieleweshwa na mkewe, akaitikia kwa kichwa, lakini samaki akaenda kununua kwa mwingine.

Jumanne Chancelvie alikuja na habari: Bolingo amehamishiwa Kindu. Wanajeshi na familia zao wanaondoka Alhamisi, kwa treni. Na Chancelvie alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mama Gisèle akaihesabu njia. Siku kadhaa juu ya mabati ya behewa, tumbo lile, na porini hakuna hata mkunga.

"Weye unataka nini?" alimuuliza binti yake.

"Bolingo anasema ataongea na weye mwenyewe. Ataamua kiisha kukusikia. Atakuya mangaribi leo."

Alikuja kweli. Chancelvie aliachwa kambini, maana anayezungumziwa haketi kikaoni. Bolingo aliketi uani. Mama Gisèle aliketi ndani, nyuma ya pazia la mlango, kitunga chake cha samaki kando ya miguu. Na kizingitini, katikati yao, akaketi mdogo wake Kabwe, mstaafu wa reli kutoka Luena, ambaye Lingala yake yote ilitoka kwenye redio, nusu kwenye muziki na nusu kwenye mpira.

"Usiogope, yaya," Kabwe alimwambia dada yake. "Lingala miye njo najua."

Bolingo alianza polepole. Alisema anaogopa. Alisema mama yake mzazi alifariki akijifungua, kwenye mtumbwi, katikati ya safari, yeye akiwa na miaka tisa na akimshika mkono. Alisema hataki kumpandisha Chancelvie kwenye treni ile. Anamwomba mama akae naye mpaka mtoto azaliwe, na kama mama ana kinyongo naye kwa jambo lolote, amsamehe leo, kabla hajaenda mbali.

Nyuma ya pazia, Mama Gisèle alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Machozi yalimtoka. Alisubiri Kabwe afikishe.

"Anasema," Kabwe alikohoa, "Chancelvie abaki kwanza."

Basi! Mtumbwi, mama, mkono, msamaha, vyote Kabwe alivimeza kama maji. Mama Gisèle alitaka kumrushia kiatu. Lakini kulalamika ni kukiri kwamba alikuwa anasikiliza moja kwa moja. Akameza hasira, akajibu kwa Kiswahili, kirefu, kila neno mahali pake: kwamba binti atalala kitanda kimoja naye, kwamba mkunga anakaa nyumba ya tatu, kwamba hana kinyongo hata chembe, na kwamba kumgeuzia mgongo sokoni ni heshima.

Kabwe akageuka uani.

"Alobi malamu."

Amesema vema. Hayo tu.

Kisha Bolingo akaongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema ameelewa. Kama katika maneno yote yale mama ana neno moja tu la kumjibu mtu aliyemfungulia moyo, basi moyo wake haupo hapo, na mtoto asizaliwe kwenye nyumba ambayo baba yake hatakiwi. Heri aende na mkewe, Mungu atawalinda njiani. Akasikika anasimama, kiti kikikwaruza.

"Anasema," Kabwe alitangaza kwa furaha, "banaenda bote. Aksanti mingi."

Hapo Mama Gisèle alikasirika kama ambavyo hajawahi kukasirika maishani. Alimkasirikia Kabwe, redio yake, mama yake kaburini, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe. Amebeba maneno ya mji mzima kwa miaka ishirini, tumbo la huyu, tusi la yule, na leo la kwake mwenyewe limekwama kizingitini kwa mpumbavu. Kutoka nje na kumtazama kijana usoni hakuweza. Mwili wenyewe ulikataa. Akakisukuma kitunga kwa mguu mpaka kikatokea chini ya pazia, kikamgonga Kabwe gotini.

"Toka apa," alimwambia Kabwe. Kisha akainama, akakiambia kitunga kwa Lingala safi ya lango la kambi: "Kitunga, yebisa ye."

Kitunga, mwambie. Mwambie nimesikia kila kitu tangu mwanzo. Mwambie habari ya mtumbwi nimeisikia, na nimelia. Mwambie miaka mitatu namkimbia kwa sababu namheshimu, na magoti yangu yamechoka kumkimbia. Mwambie akimpandisha mwanangu kwenye treni ile, nitalala juu ya reli.

Kabwe akasogea pembeni. Halafu zikasikika hatua, na chini ya pazia Mama Gisèle akaona magoti ya suruali ya kijeshi yakishuka vumbini, karibu na samaki.

"Kitunga," Bolingo alisema kwa Lingala, "mwambie mama mke wangu anabaki."

Alhamisi treni iliondoka bila Chancelvie.

Wiki iliyofuata mwalimu Malachie alipita mezani kuleta habari ya mdahalo: upande wa lugha moja umeshinda. Alidhani mama atafurahi.

"Luga moya!" Mama Gisèle alifoka, mpaka jirani wa mihogo akageuka. "Miye na mukwe wangu tulikuwa nayo luga moya, mwalimu! Miaka tatu tulikuwa nayo! Ilitusaidia nini?"

Malachie hakuelewa, na hakuna aliyemtafsiria.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, Jumapili, wa kike, kelele nyingi. Mchana simu ya Chancelvie ikalia, ni Kindu. Chancelvie akasikiliza, akacheka, akamnyooshea mama yake simu.

"Mama, anasema anataka kitunga."

Mama Gisèle alisonya. Buko inasema nini juu ya simu, hakuna aliyewahi kumfundisha. Akaichukua kwa vidole viwili, akaiweka juu ya kitunga, akaketi kando na kugeuzia uso ukutani.

"Kitunga, ozali?" sauti iliuliza kutoka mbali.

"Niko," alijibu mama.

Akaanza kumsimulia habari za mtoto, kuanzia vidole vya miguu. Mlangoni mtu alikuja mbio kusema wanamwita zahanati. Mama Gisèle alimwonyesha kiti kwa mkono, akaendelea.