Jiwe Alilosimamia Nyamanza

Nilipokuwa mtoto, kitovu changu kilikuwa kinafika mahali kabla yangu, na wenzangu wote pale Mabawe walikuwa wameshakubaliana kwamba nina mkono wa majivu. Maana yake, nikishika tu ufito wa kuvulia, samaki wote wa mto Ruvuvu wanapata habari na kuhama. Wenzangu walirudi na kambare. Mimi nilirudi na siafu. Tangu hapo nimevua Mwanza, nimevua Kigoma, nimevua hata ugenini vitani nilikopelekwa na Mwingereza, na kusema kweli sifa ile haijanitoka vizuri. Lakini siku moja nilivua, na siku hiyo siisahau.

Asubuhi yake Kaitani, mtoto wa baba mkubwa, aliyenizidi miaka mitatu na mabega yote mawili, alinitangazia hukumu mbele za watu.

"Leo ukirudi mikono mitupu, kesho unakwenda na mbuzi. Mto haumlishi mtu usiyemtaka."

Mbuzi walikuwa kazi ya wadogo. Niliona afadhali kufa, ingawa kufa kwenyewe sikuwa nimekujaribu.

Nikakimbilia kwa Bibi, mama yake baba, nikamkuta anapepeta ulezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nani amekupiga?"

"Samaki."

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akanivuta karibu, akaninong'oneza kana kwamba kuku wangesikia.

"Wewe unatazama maji. Maji hayasemi kitu. Mtafute nyamanza."

Nyamanza ni yule ndege mdogo, mweusi na mweupe, ambaye mkia wake hautulii hata akiwa amesimama. Kwetu hapigwi wala haliwi, na akicheza uani kwako ujue nyumba ina baraka.

"Anapocheza mtoni, chini yake pana samaki," Bibi akasema. "Lakini mahali pale ni pake. Keti, ngoja aondoke mwenyewe. Ukimfukuza, mto nao utakufukuza wewe."

"Akikawia je?"

"Kawia naye. Una safari ya wapi?"

Nilishuka kilima mbio. Ndoano yangu ilikuwa waya wa mwavuli mbovu wa katekista. Mungu anisamehe, na katekista pia. Mto pale unashuka kati ya vilima kwa kelele, unapiga mawe, unatoa povu, halafu kwenye kona unanyamaza ghafla. Kona ya kwanza palikuwa na wanawake wanateka maji. Ya pili nyamanza alipita tu, kama mtu anayechelewa misa. Ya tatu, pembeni ya mafunjo, palikuwa na jiwe jeusi, laini, limechomoza majini kidogo tu. Na juu ya jiwe, jamani, nyamanza! Mkia juu, mkia chini!

Nikaketi. Mbele yangu kuyu akaruka. Kuyu ni samaki wa maji ya kasi, na yule magamba yake yaliwaka kama shaba iliyosuguliwa. Akaruka mwingine. Moyo ulinidunda hadi nikadhani utawafukuza. Ndege hakuondoka. Nikaketi tako la kulia, nikahamia la kushoto. Ndege yupo. Ndipo nikasikia mluzi wa Kaitani ukishuka kupitia mtama, na mimi sijavua hata chura.

Niliokota kokoto, nikarusha.

Lilimkosa ndege, likapiga jiwe, na jiwe halikulia kama jiwe. Lililia *pu*, kama ngoma iliyolowa. Nyamanza akaruka zake. Mimi kwa furaha sikujiuliza. Nikatupa ndoano, nikachomeka ufito kwenye tope. Ndipo jiwe likachezesha masikio.

Sikuwahi kujua kwamba kilima cha Mabawe ni kifupi namna ile. Nyuma yangu mafunjo yalivunjika, mtu mkubwa sana akipumua. Nilipomvaa Kaitani katikati ya mtama, akanidaka mabega.

"Unakimbia nini?"

"Jiwe!"

Kiboko alifika ukingoni mwa shamba, akatutazama kama mzee aliyeamshwa, akarudi kuteremka na mto. Tulikaa juu muda mrefu, nikamsimulia yote, hata kokoto. Tuliposhuka, ufito wangu ulikuwa umepinda hadi majini. Kaitani akavuta. Akatoka kuyu mrefu kama mkono wangu.

"Ni wako," akasema, kwa shida. "Nipe kichwa, nami sitasema."

Nyumbani Bibi aliuliza swali moja tu.

"Nyamanza aliondoka mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

Kaitani akakohoa. Bibi akapiga vigelegele, majirani wakaja, nikasifiwa kwa subira mpaka nikaanza kuiamini. Samaki alipoiva, Bibi akamwita Anastazia, mdogo wangu, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameng'oka.

"Kesho kaka yako atakupeleka pale pale. Akufundishe kuketi."

Anastazia aliruka kwa furaha, akaja kunishika mkono. Tonge likawa tope mdomoni. Nilimwona ameketi pale, amekunja magoti, anaangalia lile jiwe. Niliwaona na mbuzi pia, kundi zima, wananisubiri.

"Bibi, nilimrushia kokoto. Na lile jiwe lilikuwa kiboko."

Kaitani akaweka kichwa cha samaki chini. Bibi alinitazama.

"Ulimpata ndege?"

"Hapana. Nilimpata kiboko."

Alijikaza. Lakini tumbo lilimsaliti, likaanza kutikisika kabla ya uso. Akanisogezea mnofu wa tumboni, ule wenye mafuta.

"Kula. Kesho utakwenda na Kaitani, mtafute kona nyingine. Anastazia atabaki nami. Mkono wako hauna majivu, mume wangu. Ugonjwa wako ni matako: hayajui kukaa."

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama alijua habari za viboko. "Viboko gani?" akasema. "Mimi nilikwambia habari za ndege." Sijui hadi leo. Najua tu kwamba Anastazia ana wajukuu kule Ntobeye, na kwamba kila mto ninaoufikia, hata nikiwa na haraka, namtafuta kwanza yule ndege. Naketi. Namngoja aondoke mwenyewe. Kisha nalitazama jiwe kwa kitambo kidogo, nione kama linapumua.