Adhabu ya Kuaminika

Vumbi la jioni, likichanganyika na harufu ya samadi na maziwa, ndilo lililokuwa likinijulisha kwamba ng'ombe wetu wanakaribia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo nyumbani kwetu Nkololo, na baba alinipa kazi ya kusimama mlangoni pa zizi kuwapokea wakitoka kunywa maji lamboni. Sikuwahesabu hata siku moja. Hesabu, jamani, nilizichukia tangu shuleni. Namba zikizidi kumi kichwa kinaniuma. Niliwatazama usoni tu wakipita: huyu mkorofi, huyu ndama wa yule, huyu leo mbona anachechemea? Asiyekuwepo nilimjua papo hapo. Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda maishani mwangu, nasema wazi.

Tatizo lilikuwa mume wa shangazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bariadi mjini. Alikuwa akitafuta binti mwaminifu wa kukaa kwenye droo ya fedha, na kila akija alinitazama mimi. Mayu, yaani mama yangu, alinikingia kifua mbele ya baba: "Kabula akienda, zizi utamwachia nani?" Lakini baba alikuwa na lake. Kila jioni aliniuliza, "Wangapi?" nami namjibu, "Wote wapo, baba." Mwishowe akachoka na jibu hilo. Mlango akampa kaka yangu Masanja, kijana mkubwa anayehesabu kwa sauti huku akigonga fimbo. Nikabaki jikoni, naona duka linanijia.

Siku ya tatu Masanja akatangaza thelathini na nane, kamili. Mimi nilikuwa nimechungulia. Nikamwambia baba mtamba mwekundu wa bibi hayumo, na yule mwekundu aliyeingia ni wa jirani. "Thelathini na nane wapo," akasema, "kelele za nini?" Nililia, nikamshika shati, akanifukuza. Asubuhi jirani akaja kumfuata ng'ombe wake. Mtamba wa bibi tulimkuta bondeni, fisi wamebakiza kichwa na kwato. Bibi alikaa chini akalia kama amefiwa. Mimi nilimhurumia, ila moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sasa watanirudishia mlango wangu, nilijua nimepona.

Mchana baba alitukusanya nyumba nzima. Kisha akaniita mbele ya wote, akasema hajawahi kuona mtoto mwenye uangalifu kama mimi, na kwamba mtu wa namna hiyo kumwacha na ng'ombe ni kumpoteza. Jumatatu nikapelekwa dukani.

Nipo hadi leo. Nina watoto wawili, miwani, na kikokotoo ambacho namba zake zimefutika. Kule zizini nilisimama saa moja kwa siku nikaona imepita upesi. Hapa nakaa kutwa, na jioni najumlisha mara tatu kwa sababu sijiamini. Kila nikiomba nihamishwe, hata kuwapokea wateja tu, mzee mwenye duka anajibu, "Sasa nimwamini nani?" Mwaka jana nilichoka kabisa, nikaamua kuiba ili anifukuze. Nikatia elfu kumi kwenye mkoba, nikaenda nayo nyumbani. Usiku kucha niliamka kuitazama kama bado ipo. Nikairudisha, nikaiweka mbele yake, nikasema, "Nimekuibia, nifukuze." Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta mtoto wa meza, akanikabidhi na funguo za stoo.