Shemeji anasema nilimnyima gari, fundi anasema nati imelegezwa

Fundi wa umeme wa magari mjini Kisii alituambia Alhamisi iliyopita kwamba betri ya gari letu ni nzima. Alisema nati inayobana waya kwenye betri imefunguliwa na kufungwa mara nyingi sana, mpaka haishiki tena, na kwamba anayeifungua si fundi. Mume wangu akasema mtu huyo anamjua. Hakunitaja mimi, na ni mimi.

Nina miaka thelathini na tisa na watoto wawili. Nafanya kazi ofisini mjini Kisii, na tunaishi kwenye boma la wakwe zangu upande wa Itumbe. Mume wangu ni mwalimu Nyamira, hurudi nyumbani Ijumaa jioni. Naomba jina lisitajwe, maana ndugu zake wengi wanasoma ukurasa huu.

Gari nililinunua kwa ajili ya kazi. Bomani hakuna lingine, na kwetu gari moja bomani ni la boma zima. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kwaya ya kwenda mazishini, kabichi za mama mkwe za soko la Nyakoe. Hakuna anayeuliza kama una nafasi, wanakuja wakiwa wameshavaa. Mwanzoni niliwabeba. Nilipochoka, sikuweza kusema. Omokamwana, yaani mke wa mwana, hamwambii mama mkwe kwamba hataki. Mwenzangu ofisini akanionyesha njia: legeza nati ya betri kwa spana namba kumi kabla hawajafika, kisha zungusha ufunguo wakiwa hapo, wasikie kimya. Hakuna aliyekasirika. Mama mkwe alinipa pole.

Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi, zaidi ya mwaka. Jioni nilikuwa naikaza tena kwa mkono wangu.

Kisha betri ikaanza kuisha kweli. Naegesha gari Ijumaa likiwa zima, Jumatatu haliwaki, jirani ananisaidia kwa waya za kujampia, za kuazima umeme wa gari lake. Tulinunua betri mpya, ikawa vilevile baada ya wiki mbili. Fundi mmoja alisema ni altaneta, ile inayochaji betri, tukabadilisha. Mwingine alisema redio inakula moto wa betri hata ikiwa imezimwa, tukaing'oa. Sikuwaambia habari ya spana. Niliona kwamba hayahusiani.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, saa kumi na moja jioni, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja mlangoni. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa anatoka damu. Nitamwita Moraa, si jina lake.

"Shemeji, toa gari."

Nilimpa ufunguo azungushe mwenyewe. Kimya. Nilifungua boneti. Nati ilikuwa mahali pake. Siku hiyo sikuwa nimeigusa. Gari ni otomatiki, halisukumwi likawaka, na jirani mwenye waya hakuwepo.

"Siku ya mazishi linakufa," shemeji akasema. "Siku ya kabichi linakufa. Jumatatu ya kazi linafufuka."

"Leo ni kweli," nikamwambia.

Akaenda kutafuta pikipiki. Moraa alikaa katikati ya mwendeshaji na mama mkwe. Moraa yuko hai. Mtoto hakupona. Alizikwa kesho yake asubuhi nyuma ya nyumba yao, na mimi nilipika chai ya waliokuja. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Naamka, naenda kazini, narudi, nakunja nguo.

Shemeji aliambia boma lote kwamba niliwanyima gari. Mume wangu alikataa. Aliomba ruhusa shuleni, gari likavutwa hadi mjini ili fundi aseme mwenyewe kwamba lilikuwa limekufa. Fundi alizima kila kitu, akaweka mita, akatoa fyuzi moja moja. Hakukuwa na kitu kinachokula moto. Aliliwasha kwa waya za kujampia, akapima altaneta, moto ulikuwa mzuri. Alipima kwenye betri, ukawa mdogo. Ndipo akashika kile kishikio cha waya kwa vidole, kikazunguka.

"Madam, betri yako haipati chakula," akasema. "Altaneta inapika, lakini sahani haifiki mezani. Nani hufungua hapa?"

Nikasema sijui.

"Kingo za nati zimeisha. Huyu amefungua miezi."

"Ni mdogo wangu," mume wangu akasema. "Yeye ndiye huliosha kila Jumapili, boneti anafungua yeye. Alitaka tuaibike mbele ya watu. Sasa limemrudia."

Nilikuwa nimeshika mkoba. Nikasema twende nyumbani.

Tangu siku hiyo hajabadilisha neno. Amempigia baba mkwe, na baba mkwe ameita kikao na wazee wawili wa ukoo. Fundi amekubali kuja kueleza alichokiona. Nikikaa kimya, mtu aliyezika mtoto wake ataambiwa mbele ya wazazi wake kwamba yeye ndiye aliyemuua. Nikisema, sijui kama nitalala tena katika boma lile, wala watoto wangu watalala wapi. Jana Moraa alinikuta kwenye njia ya shamba la majani chai akanisalimia kama zamani, akaniuliza kama gari limepona. Nikamwambia bado.

Mnaosoma haya, sitafuti wa kunihurumia. Nataka mwenye akili iliyotulia aniambie: nianze na mume wangu tukiwa wawili, au nisubiri niseme mbele ya wote, fundi akiwepo? Na Moraa, yeye asikie kutoka kwa nani? Mume wangu anafika Ijumaa jioni. Kikao ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba mkwe.