Doa Jeusi kwenye Picha ya Mchele

Mama yangu hajapata kuniambia kuwa picha yangu ni nzuri. Nina miaka arubaini na tatu, nafanya kazi ofisi ya serikali hapa Ibra, Omani, na rangi nimeanza kuzichezea tangu skuli. Kila nikimwonyesha kazi mpya huitazama, huuliza, "Na hii itatundikwa wapi?", kisha huendelea na mambo yake. Wengine wakinisifu nashukuru, lakini roho yangu ilikuwa ikimsubiri yeye, na kwa umri huu naona haya kulisema.

Mwaka huu nikaalikwa kuonyesha picha tatu Nizwa, kwenye nyumba ya kale iliyofanywa ukumbi. Nikamchukua Mama kwa gari. Njia nzima mpaka Izki alinieleza kwamba ukuta mzuri ni ule uliopakwa chokaa ukaachwa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya ngome ya Nizwa, ambayo wachoraji wa huku tunaichora kana kwamba ni faradhi. Ya pili ni mistari ya buluu ambayo mwenyewe siielewi, ila niliipa jina refu. Ya tatu ni mikono ya Mama ikichagua mchele kwenye sinia. Mikono tu, maana uso aliukataza: nyumba yenye sura za watu, anasema, malaika hawaingii.

Nilimshusha mlangoni nikaenda kuhangaikia pa kuegesha gari. Niliporudi, nikawakuta watu wawili wanabishana mbele ya ile mikono. Mmoja ni mhadhiri wa sanaa kutoka Maskati, mwengine mchoraji mkongwe wa Sur ambaye maisha yake yote amechora bahari. Wanabishania doa. Pembeni mwa sinia palikuwa na doa jeusi, kubwa kama zabibu, ambalo mimi sikulitia.

"Hapa ndipo picha inapopata uhai," alisema mhadhiri kwa Kiarabu. "Uzuri mtupu umepitwa na wakati. Doa hili linatuuliza, uzuri ni nini?"

"Linatuuliza kwa nini hakufuta brashi yake," akajibu mzee wa Sur.

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema kuwa bado nalifikiria.

Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amekaa kitako kwenye kiti, kikombe cha kahawa mkononi, na ncha ya kidole chake cha shahada nyeusi ti. Kichupa cha wanja kilikuwa kimechungulia mkobani. Hapo nikafahamu. Kwetu mtoto akizaliwa mzuri hupakwa doa la wanja kwenye paji la uso, aharibike kidogo, jicho la hasidi lisimpate. Wajukuu wa Mama wote wamepitia kidole kile.

"Mama, umeniharibia picha!" nikamnong'oneza.

"Sijaiharibu, nimeikinga. Huwaoni wale wawili wanavyoikodolea macho? Na mashallah hawasemi."

"Ile ni picha, Mama, si mtoto."

"Wallahi hasadi haichagui."

Nilikasirika, tena sana. Punje zile za mchele zilinitesa miezi mitatu, na yeye kazimaliza kwa kidole kimoja. Nikakimbilia zile picha nyengine mbili kuona madhara yake. Ngome ilikuwa safi. Mistari ya buluu nayo safi, hata alama ya kidole haina. Nikarudi kwa Mama nikiwa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoondoka.

"Na zile mbili mbona hukuzitia wanja?"

Mama akaweka kikombe chini, akazitazama moja moja kwa adabu zote, mfano wa mtu anayetafuta neno jema la kusema akalikosa.

"Zile nani atazihusudu, mwanangu?"

Nikalia pale pale, mbele ya mhadhiri na mzee wa Sur, kwa furaha ya picha moja na uchungu wa mbili.