Fimbo za Maharage

Asubuhi ile tulikuwa tunapura maharage. Baba alikuwa amekodi shamba upande wa Sudan Kusini, si mbali na kwetu Kuluba, ng'ambo ya mpaka huku Uganda, na msimu ule kila boma lilikuwa linapiga maganda kwa fimbo. Baba alichukua jerikeni akaenda kisimani. Mama alipiga, mimi nilipepeta.

Milio ikasikika mfululizo upande wa kisima.

"Hao nao wameanza kupura," Mama akasema. Akaendelea kupiga.

Jirani akapita mbio. "Askari! Kimbieni!"

Tukakimbia.

Baba hatukumwona tena. Waliomzika ndio waliotufuata Koboko kutuambia.

Tangu hapo, kila mavuno, fimbo zikianza Mama hujifungia ndani, nguo zimelowa jasho. Shambani hafai kitu. Chuoni nilisoma kwamba kumbukumbu ya woga ikiamshwa, mkangoja kidogo, hulainika. Mtu akikutana na sauti ile ile bila madhara wakati huo, woga hufifia na haurudi kirahisi. Sikuamini sana. Waliopimwa walitishwa kwa umeme mdogo mkononi, si kwa kufiwa, na watafiti wengine walirudia wasione tofauti yoyote. Lakini sikuwa na dawa nyingine.

Likizo moja nikamwomba shangazi, dada yake Baba, anisaidie kupiga.

"Daktari wa maharage amefika!" akacheka. "Chuo kizima hicho, na fimbo bado nashika mimi!"

Mama alinisimulia milio ile kwa maneno machache. Tukanywa chai, tukangoja. Kisha shangazi akapiga, akapumzika, akapiga tena. Tulirudia likizo nzima. Mwanzoni Mama alishika mlango. Baadaye alikaa. Mwishowe akapura mwenyewe, mkono umetulia.

Msimu uliofuata nilimkuta kando ya rundo la maganda, fimbo iko chini.

"Mama, woga umerudi?"

"Hapana. Woga iko kwisha."

"Sasa iko nini?"

"Zamani nikisikia, nakimbia tu, sifikiri kitu. Sasa nakaa, nasikia muzuri." Hakunitazama. "Ile ilikuwa bunduki, mwanangu. Kila mutu angejua iko bunduki. Mimi niliendelea kupiga."

Nilikaa chini karibu naye. Yote niliyosoma yalihusu kuondoa woga. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumrudishia mtu woga wake.